Mfu wa Tano

"Mama Adolphine, mufu wangu wa tano iko wapi?"

Mama Adolphine hakuweza kujibu mara moja, maana alikuwa na pini nne mdomoni. Aliinua kidole kimoja, kama fundi yeyote anavyomtuliza mteja mwenye haraka, akazichomeka pini moja moja kwenye kola ya shati la buluu lililokuwa limelala juu ya cherehani.

"Bado kichwa," alisema. "Huwezi kubeba muntu bila kichwa, Papa Firmin. Hata serikali haiwezi."

Papa Firmin alicheka. Hakuwa mtu mbaya, tusimwonee. Alikuwa mfupi, shati lake limepigwa pasi kila siku, faili la njano kwapani, na alikuwa ametumwa kutoka mbali kuwafundisha wakubwa wa jimbo namna ya kuitikia wito siku watu wenye bunduki watakapovamia kituo cha kura. Uchaguzi mwingine ulikuwa umeanza kunukia, na safari hii serikali haikutaka kukutwa usingizini. Kwa hiyo Jumamosi, katika uwanja wa shule moja ya mtaa wa Kataki, kungekuwa na kura za uongo, wavamizi wa uongo, na wakubwa wa kweli wangekuja mbio kuokoa watu. Kilichokosekana ni maiti.

Mwanzo Papa Firmin alitaka watu hai walale chini. Mji mzima wa Kalemie ulimgomea. Nani ajilaze mchana kweupe ajifanye amekufa? Huko si ni kukiita kifo na kukionyesha mlango? Mlevi mmoja alikubali, akaanza hata kujifunza kulegeza shingo, lakini mke wake alifika na mwiko wa ugali na mambo yakaishia hapo. Ndipo mtu mmoja akamwambia Papa Firmin: kuna mama anashona pale karibu na mto Lukuga, akushonee watu wa nguo.

Wa kwanza Mama Adolphine aliwajaza majani makavu. Vijana wa huduma ya kwanza waliwabeba huku wanakimbia na kucheka kama wamebeba mito. Papa Firmin hakupendezwa: mfu lazima awe mzito, alisema, la sivyo wabebaji hawatajifunza kitu. Walijaribu mchanga, ukavuja kwenye mishono yote. Na ni Mama Adolphine mwenyewe, kwa mdomo wake, aliyesema, "Basi tutie migomba."

Alipolisema neno hilo, mume wake, Papa Barnabé, aliweka chini kikombe chake. Mkwe wao Rosine, aliyekuwa akikata uzi, alibaki na mkasi mkononi. Papa Firmin peke yake ndiye aliyefurahi.

Kwa watu wa kina Papa Barnabé, waliotoka milima ya juu ya Kirungu, mtu akifia mbali na mwili usionekane, hukatwa mgomba wenye urefu wake. Huvikwa nguo ya marehemu, hubebwa mabegani, huliliwa kilio, huzikwa. Na ukishapanda mabegani mwa watu, hauwekwi tena chini popote isipokuwa kaburini. Mwaka wa tatu sasa, Papa Barnabé alikuwa akimwomba mke wake wamkatie mwana wao Hénoc mgomba. Mwaka wa tatu, mke wake alikuwa akikataa.

"Hawa wa Papa Firmin ni wa mazoezi tu," Mama Adolphine alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Mugomba ni mugomba."

Papa Barnabé hakubisha. Alichukua panga, akashuka bondeni nyuma ya nyumba, akarudi na migomba mitano mkokotenini. Minne ilikuwa ya hivi hivi, mmoja mnene, mmoja umepinda. Wa tano ulikuwa umenyooka sana, na alikuwa ameumenya maganda makavu yote kwa uangalifu.

*

Hénoc alikuwa mwalimu. Uchaguzi uliopita walimpa urais wa biro ya kura, yaani ukuu wa kituo, katika kijiji cha Kifumbe, siku mbili kwa pikipiki na nusu siku kwa miguu, kwenye njia ya kupandia milima ya Pepa. Alifurahi kama mtu aliyepewa uwaziri. Mama yake alimshonea shati la buluu, mikono mirefu kwa sababu ya baridi ya huko juu, na mfuko mmoja wenye kifungo ili kalamu isidondoke wakati wa kuinama. "Mama, hii shati itahesabu kura yenyewe," alisema alipolivaa.

Saa nne asubuhi ya siku ya kura alipiga simu. "Mama, kuna watu wenye bunduki hapa. Tumejifungia ndani ya darasa pamoja na masanduku. Usiogope. Nimeita ile namba walitupatia. Wamesema tungojee hapa hapa, wanakuja."

Saa sita alipiga tena. "Bado tunangojea. Wamesema wako njiani."

Saa nane alipiga mara ya tatu, na mara hiyo hakuzungumza na mama yake, alimtaka Rosine. Walichosema ni chao. Baadaye simu ilizimika.

Waliokuwa njiani walifika siku ya tatu. Darasa lilikuwa limeungua. Wanakijiji walikuwa wamekwisha kuzika watu tisa, wote kwa majina yao, na Hénoc hakuwa mmoja wao. Hapo ndipo tumaini lilipojishika, kama kitambaa kinavyonasa msumarini: si alikuwa na mbio tangu utoto? Si angeweza kuvuka ziwa, akafika Kigoma, akakosa simu, akaugua, akasahau? Kila Alhamisi, boti ya kutoka Moba ilipofunga kamba, Mama Adolphine alikuwa bandarini. Hakutazama nyuso. Uso unaweza kukonda, kuota ndevu, kuzeeka. Yeye alitazama mabega. Alikuwa amemshonea mwanawe tangu kaptula ya kwanza, na mabega aliyajua. Mengi yalishuka kwenye ile boti, yakabeba magunia ya maharage ya Marungu yakaenda zake, na hakuna yaliyokuwa yenyewe.

Sasa ugumu haukuwa wake peke yake. Rosine, akiwa na miaka ishirini na saba, hakuwa mke na hakuwa mjane. Bila maziko hakuna kilio, bila kilio hakuna kitambaa cheusi, na asiyevaa cheusi havui cheusi. Salomon, fundi wa mashine za boti, mtu mpole mwenye vidole vya grisi, alikuwa ametuma shangazi zake mara mbili kumposa. Mara mbili Mama Adolphine aliwajibu mlangoni, kwa heshima zote: "Muke wa muntu haposwi, bamama."

Mara ya pili Rosine alikuwa uani akimenya muhogo. Alisikia kila neno. Aliendelea kumenya ule muhogo mmoja mpaka ukabaki unene wa kidole.

Kilichomuuma Mama Adolphine kuliko yote ni kwamba mtoto wa watu hakumlaumu hata kwa jicho. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, ni kweli, lakini Rosine naye alikuwa na wake, na alikuwa ameukalia kimya kwa ajili ya mama mkwe.

*

Papa Firmin alikuwa ameandika kwenye karatasi: wafu watano, wapiga kura wanne na rais wa biro. "Rais mumuvalishe vizuri," aliomba. "Wakubwa wamuone toka mbali."

Ndiyo sababu ya lile shati. Kitambaa kilikuwepo, kipande cha buluu kilichobaki miaka mitatu chini ya sanduku. Mama Adolphine alijiambia anakitumia kwa sababu kitaoza. Wale wanne aliwakata kwa kukisia tu. Lakini alipofika kwa wa tano, mkono wake ulishika chaki, haukushika utepe, haukufungua daftari la vipimo, ukachora: bega arobaini na sita, mkono sitini na tatu, kifua tisini na nane. Ulipomaliza, uliongeza mfuko mmoja, na kwenye mfuko, tundu la kifungo.

Papa Firmin alipoondoka, Rosine alikuja kusimama kwenye baraza. Alilinyanyua shati kwa ncha za vidole, akalitandaza hewani. Hakuna fundi asiyemjua mtu kwa nguo yake, na Rosine alikuwa ameifua ile ya kwanza kwa mikono yake.

"Mama," alisema.

"Ni kipimo cha katikati," Mama Adolphine alijibu upesi. "Kinaingia kwa muntu yeyote."

"Ndiyo, Mama." Rosine alilikunja taratibu, mikono kwa ndani, kama anavyokunja mtu nguo ya safari.

*

Jumamosi jua lilitoka mapema. Waliweka viti vya wakubwa chini ya turubai, na mabenchi ya raia upande wa pili. Chumba cha darasa la sita kiliandikwa BIRO YA KURA kwa chaki. Mama Adolphine alikaa benchi la mbele kati ya mume wake na Rosine, kama fundi aliyealikwa kuiona kazi yake ikivaliwa. Wafu walikuwa wamekwisha kulazwa, wanne uwanjani na mmoja kwenye kizingiti cha darasa, shati la buluu likionekana toka mbali kama ilivyotakiwa.

Papa Firmin alipuliza filimbi. Polisi waliovaa kiraia walitoka nyuma ya vyoo wakipiga kelele na bunduki za mbao. Raia wa benchi walicheka, wengine walikimbia kwa kunogewa. Mwalimu mmoja, Huguette, aliyepewa kazi ya kuita msaada, alijifungia darasani akaweka simu sikioni, na sauti yake ikatoka kwenye kipaza sauti ili wote wasikie.

"Allô! Tunashambuliwa! Tuko watu kumi na tano, tumejifungia ndani!"

"Tumekusikia," ilijibu sauti nzuri, tulivu, ya afisa aliyekaa mbele ya meza kivulini. "Mubaki hapo hapo. Tunakuja."

Mama Adolphine alihisi mkono wa Rosine ukishika kitenge chake. Hakugeuka. Papa Firmin alikuwa katikati ya uwanja, ameikodolea macho saa yake ya kupimia mbio.

Na walikuja. Ewe Mungu, jinsi walivyokuja vizuri! Magari mawili yaliingia na vumbi, askari wakaruka, wavamizi wakalala kifudifudi, mlango wa darasa ukafunguliwa, watu kumi na tano wakatoka wakiwa wameinua mikono, wanatabasamu. Kipaza sauti kikatangaza: "Dakika kumi na mbili!" Turubai zima likapiga makofi.

"Dakika kumi na mbili," alirudia Mama Adolphine. Hasira aliyoitegemea haikuja. Kilichokuja ni huzuni tupu, nzito kuliko mgomba. Kumbe ilijulikana inavyofanywa. Kumbe watu walikuwepo, na magari, na sauti tulivu namna ile.

Askari waliwachukua wafu wanne, mmoja kichwa na mmoja miguu, wakawatupia garini. Wa tano aliachiwa vijana wa huduma ya kwanza na mkuu wao, Papa Prospère, mtu mzima wa kutoka Pepa, mwenye mvi na fulana nyekundu. Walimweka kwenye machela, na kwa kuwa uwanja ulikuwa na mashimo, wakafanya kama walivyozoea kwao kwenye njia za milimani: wakainua machela mpaka mabegani. Walipopita mlangoni, mkono wa shati ulinaswa na kitasa. Ukachanika toka kwapani mpaka kifundoni. Utomvu ulidondoka, na mgomba mweupe ukaonekana, umemenywa, umenyooka.

Papa Prospère aliutazama. Akatazama shati, kola yake, mfuko wake wenye kifungo. Kisha alisimama, na wenzake watatu wakasimama naye, katikati kabisa ya uwanja.

Papa Firmin alipuliza filimbi. "Muendelee! Muende mpaka kwa gari, halafu mushushe!"

"Hatushushi," alisema Papa Prospère.

"Namna gani hamushushi?"

"Hii ni mugomba, Papa. Imevalishwa, imebebwa kwa mabega. Haiwekwi tena chini."

"Lakini ni mugomba tu! Ni simulasio, mazoezi! Kesho kutwa tutarudilia, namuhitaji!"

"Kosa ni letu, hatukuuliza mbele ya kubeba," Papa Prospère alisema, bila kugombana. "Sasa tumekwisha beba."

Mmoja wa wakubwa aliinuka, akakaa. Vicheko kwenye mabenchi vilianza kupungua, vikakoma. Papa Prospère aligeukia raia na kuuliza kwa sauti, kama inavyoulizwa huko kwao maiti anapofikishwa kijijini bila ndugu, "Wenyewe wako wapi? Huyu muntu ni wa nani?"

Ingetosha neno moja. Mama Adolphine angesema: si wa mtu, ni kazi yangu, mshushe. Nao wangeshusha, kwa sababu mgomba usio na jina ni mgomba tu. Na Alhamisi angekwenda bandarini. Alilishika neno hilo mdomoni kama pini.

Alimtazama mume wake. Papa Barnabé alikuwa amevua kofia, macho chini. Alimtazama Rosine. Rosine hakumtazama, wala hakuutazama mgomba. Alikuwa akitazama mikono yake mwenyewe iliyolala mapajani, mikono ya mtu anayengojea zamu yake na amekwisha kuzoea kwamba haifiki. Mtoto wangu, alifikiri Mama Adolphine, na hakujua ni yupi kati ya hao wawili aliyekuwa akimwita.

Alisimama. Akashika bega la mume wake.

"Ni wetu," alisema. Akarudia kwa nguvu. "Ni Hénoc. Ni mutoto wangu Hénoc, mwalimu. Alikuwa Kifumbe. Alingojea kama vile walimuambia."

Halafu kilio alichokikalia miaka mitatu kilimtoka. Hakuna mama wa Kataki anayesikia kilio namna ile akabaki amekaa. Benchi la kwanza liliinuka, la pili likafuata, na waliokuwa wakicheka, pamoja na wavamizi wa bunduki za mbao, wakaweka mikono vichwani. Askari waliopanda garini walishuka. Chini ya turubai wakubwa nao walisimama, mmoja baada ya mwingine, kofia mkononi, kwa kuwa hakuna karatasi iliyowaambia wafanye nini.

Papa Firmin alibaki katikati ya uwanja na filimbi yake. Watu walimpita kushoto na kulia, nyuma ya machela, wakatoka lango la shule kuelekea makaburini. Saa mkononi mwake bado ilikuwa inahesabu.

Huko makaburini mchimbaji aliuliza urefu wa marehemu. Mtu akakimbilia utepe.

"Acha," alisema Mama Adolphine. "Meta moja na sabini na inne."

Kabla ya kushusha, aliomba uzi na sindano. Alipiga magoti akaushona ule mkono uliochanika, toka kwapani mpaka kifundoni, mishono midogo midogo, na hakuna aliyemharakisha. Kisha akamfunga Rosine kitambaa cheusi kichwani kwa mikono yake mwenyewe. Rosine alilia wakati huo tu, kwa sauti ndogo, kama mtu aliyeruhusiwa kukaa baada ya kusimama siku nzima.

*

Wiki mbili zilipita. Alhamisi ya kwanza Mama Adolphine alisikia honi ya boti ya Moba, akainuka, akakumbuka, akakaa. Ya pili hakuinuka.

Jumatatu Papa Firmin alikuja barazani. Alikuwa amekonda kidogo, au labda ni shati, halikuwa limepigwa pasi. Alitoa pole. Aliitoa vizuri, ameshika mikono ya Papa Barnabé kwa mikono yake miwili, na tusimnyime haki yake, macho yalikuwa na maji. Kisha akabaki amesimama na faili lake.

"Mama, wanataka turudilie kule Moba," alisema hatimaye. "Niko na wafu wane. Kunakosa mumoja."

"Kwa kipimo gani?"

"Kipimo chochote tu, Mama. Muntu yeyote."

"Muntu yeyote hana mabega, Papa Firmin." Hakukuwa na ukali. Alivuta utepe shingoni, akasimama. "Rosine, lete daftari. Wewe, weka ile faili chini. Simama vizuri. Unyanyue mikono."

Papa Firmin alicheka, akamtazama Papa Barnabé kama anayetafuta msaada, na Papa Barnabé akawa anaangalia Lukuga. Basi akanyanyua mikono pembeni, kama wanavyofanya wote. Vidole vya Mama Adolphine vilipita mgongoni mwake, vyepesi, vya heshima, kutoka bega hadi bega.

"Arobaini na mbili."

Rosine, na kitambaa chake cheusi, aliandika. Ukurasa ulikuwa mpya. Uliotangulia ulikuwa wa Hénoc, umepigwa mstari chini.

"Mukono, hamusini na nane. Kifua, mia moja na mbili." Utepe ulishuka toka shingoni mpaka kisiginoni. "Urefu, meta moja na sitini na tatu."

"Juu niandike jina gani, Mama?" Rosine aliuliza.

Papa Firmin alikuwa ameacha kucheka. Alifungua mdomo, na hapo hapo simu ililia mfukoni mwake. Aliutazama mfuko, mikono bado iko hewani, utepe umemzunguka kifuani. Hakuna aliyemkataza kuipokea. Rosine alingojea na kalamu, Mama Adolphine alingojea na utepe, na simu ikalia, ikalia, mpaka ikanyamaza yenyewe.